Mtoto Asiyefikiwa na Wosia: Watoto Waliokufa katika Vita vya Maji Maji Kilosa na Mikumi, na Umbo la Kumbukumbu katika Ushairi wa Kiswahili

Utangulizi

Katika ushairi wa Kiswahili, mtoto anajulikana zaidi kama mpokeaji wa wosia. Mwana Kupona binti Msham alitunga utenzi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, ili binti yake, Mwana Hashima, asikose maelekezo ya mama hata baada ya mama kuondoka duniani. Katika karne ya 20 Shaaban Robert alifuata njia hiyo hiyo kwa wanawe: Utenzi wa Hati aliuelekeza kwa binti yake Mwanjaa, na Utenzi wa Adili kwa mwanawe wa kiume. Tungo hizi zinatofautiana kwa wakati, kwa jinsia ya mtunzi na kwa mtazamo wa maisha, lakini mpangilio wa vifo ndani yake ni mmoja. Mzazi hutangulia, mtoto hubaki. Methali nazo hufuata mkondo huo. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Samaki mkunje angali mbichi. Zote zinamtazama mtoto kama mtu atakayekuwapo kesho.

Njaa ya vita hupindua mpangilio huo. Anayetangulia ni mtoto, na anayebaki, iwapo yupo atakayebaki, ni mzazi asiye na wa kumuusia. Swali la uhakiki huu ni hili: ushairi ambao umezoea kumsemesha mtoto atakayeishi una nyenzo gani za kumkumbuka mtoto aliyekufa kwa sababu ya vita? Swali linaulizwa kwa kurejelea wilaya ya Kilosa, na hasa upande wake wa kusini unaojumuisha Mikumi, Kidodi na milima ya Uvidunda, eneo lililofikiwa na Vita vya Maji Maji mwaka 1905 na kisha kupatwa na njaa iliyofuata. Hoja inayotetewa ni kwamba ukimya wa tungo zinazochunguzwa hapa kuhusu watoto hao umo ndani ya umbo lenyewe la utenzi wa vita: mahali unapoanzia, mahali unapokomea, kasi yake, na aina ya watu unaoweza kuwataja kwa majina. Kwa hiyo kumlaumu mtunzi mmoja mmoja hakutoshi. Inabidi kuliuliza umbo.

Kilosa, Mikumi na hesabu ya waliokufa

Kilosa haimo katika orodha ya kwanza ya mahali panapokumbukwa Maji Maji inapotajwa. Orodha hiyo huanza na Nandete katika Umatumbi, ambako vita vililipuka mwishoni mwa Julai 1905, ikaendelea na Ngarambe kwa Kinjeketile Ngwale, Liwale, Mahenge, na kuishia Songea. Hata hivyo vita vilipanda kaskazini kupitia bonde la Kilombero hadi kwa Wavidunda na Wasagara, na mji wa Kilosa, uliokuwa kituo cha utawala na biashara, ukashambuliwa. Kwa utawala wa Wadachi, Kilosa ilikuwa na uzito wa pekee, kwa kuwa ilikaa karibu na njia kuu ya kutoka pwani kwenda bara.

Vita vyenyewe, kwa maana ya mapambano ya silaha, havikudumu sana katika eneo hili. Kilichodumu ni njaa. Inafahamika katika historia kwamba baadhi ya maofisa wa kijeshi wa Kijerumani, akiwamo Kapteni Wangenheim, walishauri kwamba waasi wasingeshindwa kwa risasi peke yake, bali kwa kuwakosesha chakula. Na Gavana Gustav Adolf von Götzen aliikubali mbinu hiyo. Maghala yalichomwa, mazao yalitwaliwa au kuharibiwa, na watu walizuiwa kurudi mashambani katika majira ya kupanda. Takwimu rasmi ya Wajerumani ilitaja vifo 75,000. G. C. K. Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. John Iliffe, katika historia yake ya Tanganyika iliyochapishwa mwaka 1979, anataja makadirio kwamba takribani nusu ya Wavidunda walikufa katika vita na matokeo yake.

Nusu ya Wavidunda. Makadirio hayo hayasemi ni wangapi walikuwa watoto, na hakuna haja ya kubuni idadi. Inatosha kukumbuka jinsi njaa inavyofanya kazi: huanza na wachanga ambao maziwa ya mama yamekauka, kisha walioachishwa ziwa karibuni, kisha wazee. Iliffe anarejelea pia uchunguzi wa idadi ya watu uliofanywa katika wilaya jirani ya Ulanga miaka ya 1930, uliokadiria kwamba njaa ile ilipunguza uzazi wa wanawake walionusurika kwa zaidi ya asilimia 25. Hapa fasili ya mwathirika inapanuka kwa namna ambayo ushairi bado haujaifikia, kwa kuwa wamo waliokufa wakiwa watoto, na wapo pia ambao hawakupata hata kuzaliwa.

Miaka 11 baada ya Maji Maji, vita vya wengine vilipita tena katika ardhi ile ile. Majeshi ya Uingereza chini ya van Deventer yaliingia Kilosa tarehe 22 Agosti 1916, yakashuka kuelekea Kidodi mwezi uliofuata. Chakula kilitwaliwa na pande zote mbili, na wanaume walichukuliwa kuwa wapagazi. Magharibi mwa Kilosa, katika Ugogo, njaa iliyofuata ilipewa jina la Mtunya. Gregory Maddox, aliyeichunguza, anataja makadirio ya Waingereza ya vifo 30,000 kati ya watu 150,000 wa wilaya ya Dodoma. Jina hilo la neno moja ni aina ya ushairi. Wagogo waliifupisha miaka mitatu ya kufa katika neno ambalo mjukuu anaweza kulibeba bila kusoma kitabu.

Utenzi na kasi yake

Tungo mbili zinafaa kusomwa kwa pamoja hapa. Ya kwanza ni Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, unaohusu vita vya pwani vya miaka ya mwisho ya 1880, uliotolewa na J. W. T. Allen mwaka 1955. Ya pili ni Utenzi wa Vita vya Maji Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, uliochapishwa mara ya kwanza Ujerumani mwaka 1933 na baadaye kutolewa na W. H. Whiteley mwaka 1957. Wahakiki, akiwamo José Arturo Saavedra Casco, wamezitetea tungo hizi kama ushahidi wa kihistoria unaostahili kusomwa sambamba na nyaraka za kikoloni, na utetezi huo ni wa haki. Lakini ushahidi huo una mipaka ambayo haijasisitizwa vya kutosha, nayo ni mipaka ya umbo.

Ubeti wa utenzi wa kawaida una vipande vinne vya mizani minane. Vipande vitatu vya kwanza huunganishwa na kina kimoja kinachobadilika ubeti hadi ubeti, na kipande cha nne hubeba kina kinachorudi hadi mwisho wa utungo. Matokeo yake ni mwendo wa kusonga mbele. Kila ubeti unapofungwa, kina cha mwisho humkumbusha msikilizaji kwamba safari haijaisha. Mwendo huu unafaa sana kwa misafara, mashambulizi, barua zinazotumwa na majibu yanayorudi. Kifo cha mtu mmoja hupata ubeti mmoja, pengine miwili, kisha jeshi huendelea. Kiongozi aliyeuawa anaweza kusimamisha kasi hiyo kwa sababu jina lake lina uzito wa kuvuta beti kadhaa za sifa na majuto. Mtoto aliyekufa kando ya njia hana jina ambalo msimulizi analijua, wala hajatenda tendo la kusimulia. Kwa hiyo hapati hata ubeti huo mmoja.

Ikilinganishwa na shairi la kibwagizo, tofauti inaonekana waziwazi. Shairi lenye kibwagizo hurudi mahali pamoja kila linapomaliza ubeti. Msomaji hukutana na kauli ile ile akiwa amebadilika kidogo, na kauli nayo hubadilika maana bila kubadilika maneno. Maombolezo yanahitaji kurudi kwa namna hii. Mwenye kufiwa hasongi mbele. Hurudi kwenye mlango ule ule, kwenye chombo kile kile kilichobaki bila mwenyewe. Ni ajabu kidogo kwamba mapokeo yenye umbo lililokamilika hivi kwa maombolezo yaliuachia utenzi peke yake kazi ya kusimulia vita. Sababu bila shaka ni kwamba utenzi ulichukuliwa kuwa umbo la mambo makubwa, na shairi kuwa la malumbano, mapenzi na mawaidha. Uainishaji huo wa tanzu, ambao wahakiki wameurithi bila kuuhoji sana, umekuwa na gharama katika kumbukumbu.

Kuna pia suala la mwisho wa utungo. Utenzi wa vita huisha vita vinapoisha, yaani viongozi wanaposhikwa, kunyongwa au kusalimu amri. Huo pia ndio mwisho ambao kumbukumbu ya kitaifa imeuchagua: Songea huwakumbuka kila Februari mashujaa walionyongwa mwaka 1906, na ni Songea ambako Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, aliomba msamaha tarehe 1 Novemba 2023. Heshima hiyo inastahili. Lakini kwa watoto wa Uvidunda, kunyongwa kwa viongozi kulikuwa karibu na mwanzo. Njaa iliua zaidi baada ya bunduki kunyamaza. Utenzi unaofunga dua yake ya mwisho siku ya kusalimu amri umefunga kabla ya wengi wao kufa.

Jambo jingine ni nasaba. Mtunzi wa utenzi hujitaja mwishoni kwa jina lake na la baba yake, na watu anaowaheshimu huwataja kwa namna hiyo hiyo. Wavidunda, Wasagara na Wakaguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, jambo ambalo T. O. Beidelman amelieleza kwa kirefu katika maandishi yake kuhusu jamii za mashariki mwa Tanzania. Kwa jamii hizi, kufa kwa mtoto wa kike ni kukatika kwa tawi zima la ukoo. Umbo linalomtambua mtu kwa kumtaja kuwa bin fulani halina mahali pa kuandika hasara hiyo, hata kama mtunzi angekuwa na nia. Zaidi ya hayo, watunzi wetu wawili walikuwa watu wa pwani, wasomi wa Kiislamu, na bara kwao lilikuwa mahali zinapotoka habari, si mahali wanapotoka ndugu.

Mtoto wa kesho katika Kinjeketile

Tamthiliya ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969, si ushairi kwa maana finyu, ila haiwezekani kuiruka kwa sababu ndiyo iliyoyaunda Maji Maji katika akili za wasomaji wengi wa Kiswahili waliopita shule za sekondari. Hussein anafanya jambo ambalo watunzi wa tenzi hawakulifanya: anafungua kwa mazungumzo ya wanawake kuhusu chakula kilichopungua, huku waume wakiwa katika kazi za kulazimishwa. Njaa imo jukwaani kabla ya maji. Lakini kadiri tamthiliya inavyosonga, jiko linaachwa na uwanja unachukuliwa na mjadala wa wanaume kuhusu umoja, imani na wakati wa kuanza vita.

Mtoto anarudi mwishoni, na namna anavyorudi inastahili kutazamwa kwa makini. Kinjeketile anakataa kusema kwamba maji yalikuwa uongo kwa sababu neno limekwisha kuzaliwa, na neno hilo litafikishwa kwa watoto na kwa wajukuu hadi siku litakapokuwa kweli. Hii ni mojawapo ya hitimisho zenye nguvu zaidi katika fasihi ya Kiswahili, na kisiasa ilieleweka mara moja katika miaka iliyofuata Azimio la Arusha. Hata hivyo ni wosia. Mtoto amerejeshwa katika nafasi ile ile ya Mwana Hashima: msikilizaji atakayeishi. Kwa Mvidunda wa mwaka 1907 neno lilizaliwa, lakini nusu ya waliopaswa kulisikia hawakuwapo. Hussein hakukosea. Alikuwa akiandika kuhusu kuzaliwa kwa taifa, na taifa linahitaji warithi. Kosa ni la usomaji unaolifanya neno hilo kuwa fidia ya kutosha kwa waliokufa.

Ni vema kukumbuka pia kwamba historia iliyotumiwa kuyasimulia Maji Maji imejengwa na watoto walionusurika. Mradi wa Utafiti wa Maji Maji wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulikusanya masimulizi ya wazee mwaka 1968. Mtu aliyekuwa na umri wa miaka 8 vita vilipoanza alikuwa na miaka 71 wakati huo. Wazee walioketi mbele ya wanafunzi wale wakieleza habari za maji na hongo walikuwa, wengi wao, wenzao wa rika wa watoto waliokufa. Masimulizi yao husomwa kwa kutafuta viongozi, njia na sababu za vita. Yanaweza kusomwa upya kwa kutafuta mahali mzee anapomtaja ndugu kisha akanyamaza, au anapobadilisha mada.

Mapokeo yaliyokuwapo na hayakutumika

Ingekuwa si haki kudai kwamba ushairi wa Kiswahili haukujua kabisa kumlilia mtoto. Hemedi bin Abdallah, mtunzi yule yule wa utenzi wa vita vya Wadachi, alitunga pia utenzi wa Seyyidna Huseni bin Ali, na kisa cha Karbala katika masimulizi yake mashuhuri kina mtoto mchanga mwenye kiu aliyeuawa kwa mshale akiwa mikononi mwa baba yake. Kisa cha Nabii Ayubu, ambacho nacho kina utenzi wake, kina mzazi aliyepoteza watoto wake. Mapokeo ya kidini yaliwapa Waswahili mtoto mwathirika wa vita na mzazi aliyebaki. Chombo kilikuwapo.

Kwa nini basi chombo hicho hakikuvuka kutoka Karbala hadi Mrima, na kutoka Mrima hadi bara? Jibu moja ni kwamba mtoto wa Karbala ni wa nyumba ya Mtume. Kifo chake kina maana kwa sababu ya damu yake, na mkosaji anajulikana kwa jina. Mtoto aliyekufa kwa njaa katika Uvidunda hana nasaba inayotambuliwa na mtunzi wa pwani, na aliyemuua si mpiga mshale bali ni agizo, ghala lililochomwa, na msimu wa kupanda uliopita bila mbegu. Ushairi unaohitaji mkono wa muuaji hushindwa kuiona njaa kuwa mauaji. Methali ya fahali wawili na nyasi ziumiazo ni ushahidi wa jambo hilo. Inakubali kwamba wasiohusika huumia, lakini inawafanya nyasi, na nyasi hazina muuaji, zina wapitaji tu.

Mahali, lugha na sauti

Utungo wa kale unaokaribia zaidi kinachohitajika Kilosa hauhusu vita hata kidogo. Al-Inkishafi wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir unaukumbuka mji wa Pate kwa kuingia katika nyumba tupu. Watu hawapo; zipo kuta, vyumba, na viumbe waliohamia. Kumbukumbu yake haitegemei tendo la shujaa. Inategemea pengo. Ni kweli kwamba waliolala katika mapengo yale ni matajiri na masharifu, na kwamba lengo la mtunzi ni kuionya nafsi yake dhidi ya dunia. Lakini mbinu ya kusoma mahali palipobaki bila watu inaweza kuhamishwa.

Mikumi inaifanya mbinu hiyo iwe ngumu na muhimu kwa pamoja. Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha mwaka 1977, alionyesha jinsi vita, njaa na maradhi vilivyowaondoa watu katika sehemu kubwa za Tanganyika na kuruhusu pori, wanyama na mbung'o kurudi mahali palipokuwa pamelimwa. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964, na barabara kuu ya kuelekea Iringa inakatiza ndani yake. Haidaiwi hapa kwamba kila uwanda wa Mikumi ulikuwa shamba mwaka 1904. Kinachodaiwa ni kwamba jicho lililofundishwa kuona nyika kuwa asili tupu halitauliza nani hakuishi pale. Pate ina magofu yanayomlazimisha mpita njia kuuliza. Nyumba za miti na udongo hazina magofu, na kaburi la mtoto lisilo na jiwe hufutika kwa masika moja. Mshairi wa Mikumi angelazimika kuandika Inkishafi isiyo na kuta.

Njia nyingine inayojulikana duniani ni kumpa mtoto aliyekufa sauti. Nâzım Hikmet, mshairi wa Uturuki, alifanya hivyo mwaka 1956 katika shairi Kız Çocuğu, ambamo msemaji ni msichana wa miaka saba aliyekufa Hiroshima, akibisha hodi milangoni bila kuonekana. Shairi hilo limetafsiriwa na kuimbwa katika lugha nyingi, na nguvu yake haina shaka. Kuihamishia njia hiyo Kilosa kunaibua suala ambalo Hikmet hakulazimika kulikabili kwa namna hii. Mtoto wa Uvidunda wa mwaka 1906 angesema Kividunda. Kiswahili kwa wazazi wake kilikuwa lugha ya akida, ya askari na ya kodi, ingawa kilikuwa pia mojawapo ya lugha zilizowezesha habari za maji kuvuka mipaka ya makabila. Mshairi wa leo anayemvika mtoto huyo Kiswahili sanifu humfanya aombe chakula kwa lugha ya waliokichoma. Hilo halikatazi shairi kutungwa. Linamtaka mtunzi ajue anachofanya, na pengine aruhusu neno la Kividunda au la Kisagara lisimame ndani ya ubeti bila tafsiri, liharibu mizani ikibidi.

Jina la Mwanjaa, binti aliyeelekezewa Utenzi wa Hati, linaonyesha kwamba Kiswahili chenyewe kina hifadhi ndogo ya aina hii. Limeundwa kwa mwana na njaa. Majina ya namna hiyo yamewekwa na watu wa pwani na bara kwa vizazi vingi, na kila anayeitwa kwalo hubeba tarehe ya shida ndani ya mwito wa kila siku. Katika utenzi wa Shaaban Robert, mwana wa njaa aliishi, akakua, akapokea hati. Uhakiki wa utungo huo umeshughulikia maadili yake kwa wingi mno na jina la mlengwa wake kwa uchache mno.

Iko pia bembelezi, utanzu ambao uainishaji wa ushairi andishi umeuacha kwa wanawake na kwa fasihi simulizi. Ndiyo tungo pekee ambamo mtoto anasemeshwa sasa, akiwa na njaa sasa, na si kwa ajili ya utu uzima wake. Mlezi huimba mambo mawili kwa pamoja: humtuliza mtoto asiyeelewa maneno, na hujisemea dhiki yake mwenyewe, ya mume aliyechukuliwa, ya chakula kisichopatikana, ya usiku mrefu. Ina kiitikio, kwa hiyo inajua kurudi. Haidai nasaba ya baba. Haingoji vita viishe. Katika Uvidunda na Usagara wa mwaka 1906 na 1907 bembelezi zilikuwapo, kwa lugha za huko, na waimbaji wake walikuwa wale wanawake ambao uchunguzi wa aina ya ule wa Ulanga uliwahesabu baadaye kwa asilimia. Swali ambalo utafiti wa uwandani Vidunda, Kidodi, Ulaya na Mikumi unapaswa kwenda nalo, kabla ya kuuliza nani alileta maji na kutoka wapi, ni nyimbo gani bibi zao waliacha kuimba, na nani aliwakataza wengine kuziimba katika nyumba iliyofiwa.